Ajali ina saa yake: mwongozo wa Mama Bendeji, kuanzia jikoni na uwanjani mpaka baharini

Huku Tanga mtoto akiungua au akivunjika mkono majirani wanakuja, wanakaa barazani, wanasema ajali haina kinga mwanangu, kazi ya Mungu, wanakunywa chai yako wanaondoka. Mie hiyo kauli nshaichoka. Nina watoto watatu, kila jioni nakaanga bagia na viazi karai hapo nje, alafu wawili wa kiume wanachezea timu ya mtaa ya chini ya miaka 12 na mie ndo nabeba ndoo ya maji na mkoba wa vidonda, ndo maana vile vitoto vinaniita Mama Bendeji. Katika kufunga magoti ya watu miaka yote hii nimegundua jambo moja, kwamba ajali ina saa yake. Za kwangu nyumbani karibu zote zimetokea kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, na ukifikiria huoni ajabu, maana hapo mkaa ushakolea, mafuta yanachemka, watoto wanarudi uwanjani na njaa zao, adhana ya Magharibi inaadhiniwa, giza linaingia, na umeme nao ukiamua kukata unakata hapohapo.

Basi tuanze, na usiruke hatua ya kwanza hata kama unaiona ya kitoto.

HATUA YA 1: Tafuta saa ya nyumba yako, alafu piga magoti

Chukua daftari la shule lililobaki kurasa, wiki nzima andika kila mara mtoto anapokaribia kuumia, sio akiumia, akikaribia tu. Saa ngapi, wapi, nani alikuwa anamwangalia. Mie nilidhani nitaandika mambo ya barabarani kumbe nusu ya daftari ni jikoni na uwani. Mtu wa Chumbageni mwenye dada wa kazi saa zake zitakuwa nyingine, pengine ni saa sita mchana dada anapofua.

Ukishaijua saa yako, siku moja saa hiyohiyo piga magoti utambae nyumba nzima kama mtoto wa mwaka mmoja. Utacheka lakini utambae. Mie nilipotambaa nikaona waya wa pasi unaning'inia mezani kama kamba ya kuchezea, kitambaa cha meza chenye chupa ya chai juu yake, sabuni ya unga imefunguliwa, na mbuzi ya nazi imelala na meno yake usawa wa uso wangu kabisa. Hiyo mbuzi ndo ilinitoa jasho. Ukimaliza kukuna ikunje uitundike msumarini juu, usiiache chini eti utakuja kuitoa ukishachuja tui. Panga na shoka visikae nyuma ya mlango.

HATUA YA 2: Jiko, na hapa tukae kidogo

Jiko la mkaa liweke konani, ukuta pande mbili, upande wa tatu weka benchi, wewe ukae upande wa nne. Hapo mtoto hana pa kupita isipokuwa kwako. Mie nimechora na mstari wa mkaa sakafuni, hatua moja kubwa ya mtu mzima kutoka jikoni, na wa miaka minne kwenda juu wanajua mstari hauvukwi hata mpira ukiingia, wanaita mtu mzima autoe. Anayetambaa mstari hausaidii, huyo apewe mtu mpaka upishi uishe. Na usikaange huku umembeba mgongoni jamani, najua tumelelewa hivyo, lakini mafuta yakiruka yanakuruka wewe na yeye, na ukiinama kuchochea mkono wake unafika mbele kabla hujajua.

Wangu wa katikati alipokuwa na miaka mitatu alijimwagia uji wa moto kifuani, saa kumi na mbili na nusu jioni, naikumbuka kwa sababu adhana ilikuwa imeanza. Jirani yangu mzuri tu, mtu wa watu, akaja na dawa ya meno anataka kumpaka. Mwingine anasema yai, mwingine unga wa ngano. Mie nilichofanya nilimkalisha bombani nikamvua shati nikamwagia maji, kila mtu ananipigia kelele mtoto atapata baridi. Sasa shika huu mpangilio, huu ndo wenyewe:

Mwagia maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20. Sio dakika mbili, 20, weka saa ya simu. Kama huna bomba tumia kata na ndoo, mwagia taratibu. Hata kama mda umepita kidogo bado yanasaidia, mpaka saa tatu tangu aungue. Barafu hapana, inaumiza ngozi zaidi. Vua nguo na bangili haraka kabla hajavimba, ila nguo iliyogandia ngozi usiibandue. Maji yaende pale palipoungua tu, sehemu nyingine mfunike khanga asipate baridi. Ukimaliza funika kidonda kilegelege na kitambaa safi kisichotoa manyoya. Malengelenge usiyapasue. Dawa ya meno, yai, majivu, asali, siagi, vyote viache jikoni vilipo, maana vinafungia joto ndani alafu hospitali wanaanza kukwangua na mtoto analia mara mbili. Kama palipoungua panazidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au ni usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, nenda hospitali baada ya maji, usisubiri kesho.

Wangu sahivi ana kovu dogo la kama shilingi mia, basi.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto usimwage maji, nakuomba, yanalipuka moto juu mpaka kwenye makuti. Zima chanzo kama unafikia, funika karai kwa mfuniko au sinia, acha mpaka lipoe lenyewe. Usilibebe kukimbia nalo nje. Mie karibu yangu kuna mfuniko mkubwa kuliko karai, siuwekei kitu kingine juu.

Gesi, wengi tumehamia kwenye mtungi wa kilo 6 wenye kichwa juu yake. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini sakafuni, ndo maana mtu anasimama hasikii harufu kumbe mtoto aliyelala kwenye mkeka anaivuta. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanafura inavuja. Kiberiti kisitumike kupimia, na wapo wanaofanya hivyo nimewaona kwa macho yangu. Ukisikia harufu usiguse swichi yoyote, si kuwasha si kuzima, funga mtungi, fungua milango, toa watu.

Na masika, Machi mpaka Mei, mvua ikinyesha tunaingiza jiko ndani. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inaua watu wamelala. Hii wenzetu wa Lushoto na baridi yao ya Juni na Julai wanaijua zaidi, lakini na sie wa mjini tukumbuke: jiko ndani, mlango na dirisha wazi, na kulala nalo marufuku hata likionekana limezimika. Mtu akiamka kichwa kinamuuma na wenzake nao kinawauma wote kwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

HATUA YA 3: Chupa za soda zisizo na soda

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, jiki kwenye chupa ya maji, asidi ya betri kwenye chupa ya juisi. Mtoto anarudi uwanjani saa kumi na mbili koo limekauka, anaona chupa, anabugia. Dawa yake ni rahisi tu, kitu kisichonywewa kisikae kwenye chupa ya kinywaji hata siku moja, na vikae juu pa kufungwa, sio chini ya kitanda.

Akishakunywa mafuta ya taa usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula wala chumvi. Yakipanda juu tena yanaingia mapafuni na hapo ndo penye hatari kubwa, kuliko tumboni. Mkalishe, mvue nguo zilizolowa, nenda hospitali na chupa yenyewe mkononi wajue ni nini, hata kama anakohoa kidogo tu na anacheka. Vidonge vya presha vya bibi vilivyofungwa kwenye ncha ya khanga navyo ni vilevile. Na zile betri bapa kama kifungo, za rimoti na midoli inayowaka taa, mtoto akimeza inaanza kuunguza koo ndani ya saa mbili, kwaiyo hiyo usisubiri aitoe chooni kama unavyosubiri sarafu, ni hospitali mbiombio.

Jiki usichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo. Hewa yake inaziba pumzi.

HATUA YA 4: Maji ya uwani

Mtoto mdogo anakufa maji kwenye ndoo. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama kuchungulia anaingia na hawezi kujitoa, na halii, hapigi kelele, hakuna purukushani kama za kwenye filamu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021 na karibu robo ni watoto wa chini ya miaka mitano, na hao wa miaka hiyo wengi hawakuwa wameenda kuogelea popote. Ndoo ya kufulia ikiisha kazi imwagwe. Pipa lifunikwe kwa kitu ambacho mtoto hawezi kukivuta, sio ungo. Nyumba zetu za zamani za Ngamiani zenye kisima uwani, mfuniko uwe na kufuli na ukingo ufike kifuani kwa mtoto. Na mfuniko wa chemba ya choo uliopasuka, ule mnaouwekea bati na tofali juu, watoto wanauruka kama ngazi, utengenezwe wiki hii.

Umeme nao niuseme hapahapa kwa kifupi. Wa kwetu ni volti 230, unaua. Hita ya kuchovya kwenye ndoo ndo adui namba moja, chomoa kwanza alafu ndo uguse maji, na ndoo isikae chini mtoto anapopita. Ekstensheni moja isibebe friji, pasi na tivii. Fundi akija mwambie akufungie ile swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, gharama yake haifiki ya matanga. Mtu akinaswa usimshike, kata meni swichi, ukishindwa msukume na mti mkavu umesimama pakavu. Kamba ya kuanikia isifungwe kwenye waya wala bomba la umeme.

HATUA YA 5: Njia ya kwenda uwanjani

Tanga ni mji wa baiskeli, kila mtu anajua, wageni wanatucheka na sie tunapiga pedali. Lakini miguu ya watoto inayoingia kwenye spoki ni mingi mno. Baba anambeba mwanae kwenye keria, mtoto anasinzia au anachezesha miguu, kisigino kinaingia, gurudumu linakata nyama kama kisu. Kata plastiki ya dumu la zamani au wavu, funga kwa waya pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Weka na kikanyagio cha miguu. Mtoto avae viatu vya kufunga, ndala zinadondoka na yeye anainama kuziangalia. Mguu ukishanasa usizungushe gurudumu nyuma kuutoa kwa nguvu, simamisha, kata spoki kwa koleo, na hospitali aende hata kama ngozi ni mchubuko tu maana ndani huwa pameumia kuliko nje.

Bodaboda ya mshikaki, watoto wanne nyuma wanawahi mechi, mie nshagombana na makocha watatu kwa ajili hiyo. Bora wafike wamechelewa. Na kurudi kuwe na mwanga bado, kama giza limeingia wavae kitu cheupe na watembee wakitazamana na magari.

HATUA YA 6: Uwanja wenyewe

Watoto wetu nusu wanaota Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, nusu wanaota Kimanumanu, yaani African Sports, hakuna anayeota kukagua uwanja, kwaiyo kazi ni yetu. Robo saa kabla ya mazoezi tembea uwanja mzima, watu wazima wawili au watatu mmepangana mstari kama wanaopalilia. Okota vioo, misumari, mifuniko ya soda, mifupa. Mashimo yafukiwe mchanga. Mwenye kuchomwa na msumari aoshwe kwa maji na sabuni, alafu swali ni moja, chanjo ya pepopunda alipata lini. Kama hujui, nenda ukaulize zahanati siku hiyohiyo.

Sasa goli. Goli la chuma la kuhamishika linaua, na watu hawaamini mpaka waone. Uzito wake uko mbele kwenye mwamba wa juu, mtoto akining'inia linamwangukia kifuani au kichwani. Jaza viroba viwili mchanga uweke nyuma kwenye nondo ya chini, au lichimbie mapini ya chuma, na kabla ya mazoezi likamate wewe mwenyewe ulisukume kwa nguvu mbele. Likitikisika hakuna mpira. Baada ya mazoezi lilazwe kifudifudi. Kuning'inia, adhabu yake kwetu ni kukaa nje mechi moja, hata awe mfungaji bora, na wazazi wengine walininunia kwa hilo, wanuniane tu.

Joto. Januari na Februari Tanga jasho halikauki, hewa imejaa unyevu. Mazoezi saa kumi kamili ni ukatili, sie tunaanza saa kumi na moja kasorobo. Maji kila dakika 15 mpaka 20, kocha apige filimbi wote wanywe, sio anayesikia kiu ndo aende, maana mtoto anacheza kiu haisikii. Ramadhani wanaofunga wapewe kazi ya mpira mwepesi tu, mbio ziachwe. Akianza kuyumba, anaongea visivyoeleweka, ngozi ya moto, huyo ni kivulini, mvue jezi, mwagia maji mwili mzima, mpepee, na gari iitwe wakati unamwagia.

Radi. Ukiona mwanga hesabu, ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30 radi iko ndani ya kilomita 10, filimbi ya mwisho. Sio chini ya mwembe, sio kibanda cha makuti, sio karibu na goli. Ni ndani ya nyumba yenye kuta au gari lililofungwa, na hamrudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Refa akisema zimebaki dakika tano mwambie amalizie peke yake.

Bigijii na pipi mdomoni wakati wa kukimbia hapana. Akipaliwa na hawezi kukohoa wala kuongea, muinamishe, mpige kwa kisigino cha mkono katikati ya mabega mara 5, bado, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, rudia. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka tumboni hasukumwi, huyo baada ya kupigwa mgongoni anabonyezwa kifuani kwa vidole viwili.

Kifundo kikiteguka kila mtu anataka kuchua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mchuaji na namheshimu mpaka leo, lakini siku mbili za kwanza kuchua kunazidisha damu na uvimbe. Mpumzishe, barafu ndani ya kitambaa dakika 15 mpaka 20, bendeji isiyobana sana, mguu juu ya mto. Kama hawezi kukanyaga hatua nne au mfupa umekaa vibaya, usinyooshe, kunja kipande cha boksi kama bomba, funga na khanga jinsi ulivyo, muwahishe piksha (eksirei).

Mwenye damu puani ainame mbele sio nyuma, abane sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuchungulia.

HATUA YA 7: Kichwa

Hapa naomba mnisikilize kwa sababu hapa ndo tunakosea wote. Mtoto anagongana kichwa na mwenzie, anakaa chini, kocha anammwagia maji, dakika mbili anarudi, watu wanapiga makofi huyo ndo mwanaume. Hapana. Akigongwa kichwa akaonekana hayuko sawa hata sekunde chache, anatoka na harudi siku hiyo, hata kama ni fainali, hata kama anasema yuko poa, maana huyo anayesema yuko poa ndo ubongo uleule uliogongwa. Muulize tunacheza na nani, nani kafunga la mwisho, umekuja na nani. Akikosea, au akitapika, kichwa kinazidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, macho mboni moja kubwa kuliko nyingine, degedege, maji yanatoka sikioni, hapo ni hospitali ya Bombo usiku uleule. Nyumbani siku mbili za kwanza apumzike, simu na tivii vipungue, asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Kurudi mpirani ni kidogokidogo na daktari awe amemwona. Kugongwa mara ya pili kabla ya kwanza haijapona ndo kunakoua.

Na vichwa vya mpira wenyewe, Marekani chama chao cha soka tangu 2015 kiliwazuia watoto wa miaka 10 kushuka chini kupiga mpira kwa kichwa, na Uingereza mwaka 2020 wakaacha kuwafundisha wa shule ya msingi vichwa mazoezini. Kocha wetu alicheka nilipomwambia. Sahivi haweki tena mazoezi ya vichwa kwa wadogo, sijui kama ni mimi au ni mkewe.

Jino la utu uzima likitoka lishike upande wa kutafunia sio mzizi, suuza kidogo kwa maziwa usilisugue, lirudishe kwenye tundu lake aume kitambaa, ukishindwa litie kwenye maziwa fresh uwahi daktari wa meno ndani ya nusu saa mpaka saa moja. La utoto usilirudishe.

Akianguka mwenyewe bila kuguswa na mtu, haitiki na hapumui vizuri, hilo sio kifafa cha kunusishwa kiatu. Mnakumbuka Christian Eriksen wa Denmark, Juni 2021, moyo ulisimama uwanjani na akapona kwa sababu walianza kumbonyeza kifua palepale wakamshtua na mashine. Mashine sie hatuna, mikono tunayo. Katikati ya kifua, bonyeza kwenda chini theluthi ya kina cha kifua, mara 30 kwa kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, pumzi 2, endelea mpaka msaada ufike.

HATUA YA 8: Bahari

Baada ya mechi za Jumapili wanataka Sahare au Raskazone. Sawa, waende, lakini na mtu mzima ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa tu, hali, hachati, haogelei. Watoto wanane mtu mmoja, zaidi ya hapo waongezwe watu.

Na saa ya bahari uijue. Mwezi mpya na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanapwa mbali sana yanaacha mchanga wazi, alafu yanarudi kwa nguvu, kwetu tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Watoto wanafuata kome na kaa mpaka kule mbele, maji hayaji kutoka mbele kama wanavyodhani, yanaingia kwanza kwenye mkondo ulio nyuma yao, wakigeuka njia ya kurudi ishakuwa kina. Muulize mvuvi yeyote maji yanaanza kujaa saa ngapi, atakwambia bila kufikiria, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sheria yetu, maji yakianza kugeuka wote mchangani. Wakati wa kusi upepo ukiwa mkali hatuendi kabisa.

Mtu akizidiwa usijirushe. Beba dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko, funga kamba ya mita 10, mrushie. Sie tuna letu, linaenda na mkoba kila safari. Ukimtoa hapumui usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo, ni kupoteza mda, anza na pumzi 5 alafu kifua 30 kwa pumzi 2. Akizinduka bado aende hospitali.

Akichomwa na samaki taa au samaki mwingine mwenye miiba, mguu uingie kwenye maji ya moto kadri anavyoweza kuvumilia, dakika 30 mpaka 90, pima kwa mkono wako kwanza usije ukamuunguza. Utapata nafuu ya maumivu utashangaa.

HATUA YA 9: Watu wazima wa uwanjani

Hili watu hawalipendi. Mtoto asibaki peke yake na kocha, mwalimu au mjomba wa timu ndani ya chumba, gari au safari. Daima wawe watu wazima wawili. Simu za kocha kwa mtoto usiku ziende kwa mzazi. Kocha mzuri hakasiriki ukimwambia hivyo, wa kwetu alisema afadhali, inamlinda na yeye. Na mtoto aliyekuwa anapenda mpira kama wazimu ghafla hataki kwenda, usimchape, muulize taratibu, na 116 ni namba ya bure ya mambo ya watoto.

MKOBA NA NAMBA

Mkoba wangu: bendeji za kuvuta tatu, shashi safi, plasta, glavu, mkasi, sabuni, chupa ya maji safi, chumvi sukari za pakiti, vipande vya boksi, khanga mbili kuukuu safi, tochi. Spiriti sibebi, inaunguza kidonda na watoto wananikimbia. Kila mwanzo wa mwezi naufungua kuangalia kilichoisha, huwa ni plasta.

Zimamoto 114, polisi 112, watoto 116. Na namba za bajaji wawili mnaowaamini wanaolala mtaani kwenu, hao ndo watakaofika kwanza, wajue nyumba yako na usiku wapokee. Mie zangu nimeziandika kwa makapeni nyuma ya mlango wa jikoni, kimo cha mtoto wa miaka saba, mwanangu mdogo kabisa anaziimba. Sahivi ni saa kumi, natoka kwenda kujaza mchanga viroba vya goli maana mvua ya jana imevipasua viwili.